Mkanda wa Uzi wa Kijani

Mwili ulilala chini ya ukuta uliopakwa rangi nusu. Kuanzia paani hadi katikati ukuta ulikuwa mweupe mpya; kutoka hapo kushuka ulikuwa kijivu cha zamani. Mstari uliozitenga rangi hizo mbili ulikwenda umenyooka kama umepigwa rula, kisha ukakatika.

Inspekta alichuchumaa kando ya maiti. Goti la kushoto lilimlaumu, kama kila asubuhi. Alikuwa ametoka nyumbani bila chai kwa sababu gesi iliisha, na kati ya wanawe watatu hakuna aliyeona haja ya kumwambia mapema.

Marehemu alikuwa kijana mwembamba. Ndoo ilikuwa imepasuka karibu na bega lake na rangi ilikuwa imetapakaa kila mahali, isipokuwa usoni. Uso ulikuwa msafi.

"Nani amemfuta?"

Watu waliokusanyika wakatazamana.

"Sitafuti ugomvi. Nataka kujua nani amegusa nini."

"Mimi." Kijana mmoja aliinua mkono nusu. Alikuwa mrefu kiasi kwamba alilazimika kuinama chini ya kamba ya polisi. "Hakupenda rangi usoni. Alikuwa akidondokewa na tone moja tu anashuka kunawa."

"Wewe ni nani kwake?"

"Tunafanya kazi pamoja. Tulikuwa tunafanya. Yeye upande huu, mimi upande wa pili."

"Anaitwa nani?"

"Buibui. Kwa sababu ya kuta."

"Na wewe?"

"Mrefu."

"Hilo naliona. Majina ya kwenye vitambulisho mpe Koplo."

Koplo alikuwa mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa kuhukumu. Alikuja na mkanda wa kupandia wa marehemu akiwa ameuvalia glavu, akamnong'oneza bosi wake kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Umekatwa, afande. Na nimeambiwa kwamba jana hawa wawili walikuwa hawasemeshani."

Inspekta alimgeukia Mrefu. "Mligombana?"

"Aligoma upande wa jua."

"Basi?"

"Basi. Leo akakubali upande wa jua." Mrefu alitazama ukuta, kisha akatazama viatu vyake. "Tena alikuwa ananicheka mimi. Mkanda wangu wa kizee, wake mpya, una hata kadi."

Kadi ilikuwa bado inaning'inia kwenye mkanda uliofumuka. Ilikuwa ngumu, inang'aa, na imeandikwa kwa herufi kubwa: UMEKAGULIWA NA AKILI UNDE. PANDA BILA WASIWASI.

Inspekta aliisoma mara mbili. Kisha akautazama mkanda uliokuwa kiunoni mwa Mrefu. Ulikuwa umechakaa, umejaa madoa ya rangi za kuta nyingi. Mwisho wa mshono kulikuwa na kipande cha uzi wa kijani. Kwenye mkanda wa marehemu pia, mahali pale pale, uzi wa kijani.

"Mmenunua sehemu moja?"

"Karakana ile ile. Wangu wa siku nyingi."

"Uvue. Nauchukua."

"Na mimi nitapanda na nini?"

"Leo hupandi," Inspekta alisema. "Leo kaa na wenzio."

*

Mtaalamu wa maabara alikuwa mtu wa maneno machache na kikombe kikubwa. Mchana ule alikuwa amelaza mikanda miwili chini ya kioo cha kukuzia, na chakula chake kilikuwa kimepoa kando.

"Haukukatwa," alisema.

"Una hakika?"

"Kisu kinaacha ncha zilizonyooka. Hapa uzi umechomoka tundu moja baada ya jingine. Umefumuka tu. Tazama mishono: huu mrefu, huu mfupi, hapa sindano imeruka kabisa. Aliyeshona alikuwa na haraka, au mkono wake hautulii."

Koplo alikohoa. Tayari alikuwa ameshamwandika Mrefu kama mtuhumiwa.

"Na huu wa zamani?" Inspekta aliuliza.

"Huu ndio ulioninyima chakula. Mshono wa chini ni wa mkono ule ule, mbovu vile vile. Lakini juu yake kuna mshono mwingine. Umebana, umenyooka. Mkanda huu ungemshika tembo."

"Umeshonwa mara mbili."

"Na watu wawili. Wa kwanza ameharibu, wa pili ametengeneza. Na wa pili hakutaka kujulikana. Uzi rangi ile ile, njia ile ile. Kwa macho ya kawaida huoni kitu."

Inspekta alivuta kiti akakaa. Alikuwa na kawaida ya kukaa jambo linapokuwa baya.

"Kwa hiyo kuna mtu alikuwa anatengeneza," alisema. "Halafu akaacha."

Simu ikalia. Alikuwa Mkuu wa kituo.

"Yule mpaka rangi. Andika ajali kazini, tufunge."

"Nitaandika nikimaliza."

"Wewe huwa unamaliza lini?"

"Huwa nachelewa, mkuu," Inspekta alisema, akakata simu.

*

Kesho yake walikwenda kwenye karakana, jengo refu la bati lenye madirisha ya juu. Ndani, mafundi walikaa kwa safu mbele ya cherehani nzito, na hewa ilinukia mafuta ya mashine na nailoni mpya. Polisi walipoingia, cherehani zilinyamaza moja moja.

Mwenye karakana alikuja mbio. Wote walimwita Bosi Mdogo, kwa sababu Bosi mwenyewe, baba yake, alikuwa amefariki na jina kubwa akaenda nalo. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri. Macho yake hayakuwa yamelala.

"Nimesikia," alisema. "Tangu jana sijatia kitu kinywani."

"Uzi huu wa kijani ni wa nini?"

"Kila fundi ana rangi yake ya kumalizia. Utaratibu wa baba. Mkanda ukirudi na kasoro, unajua pa kuuliza."

"Kijani ni nani?"

"Shangazi."

"Shangazi yako?"

"Wa Macho, yule dada wa kufungasha. Yeye ndiye aliyemlea. Sisi sote tukaliokota jina kwake. Baba alimwajiri Shangazi mimi sijazaliwa. Leo hayupo, anaumwa."

"Nani kasema?"

"Macho. Alipita hapa asubuhi na mapema, akaomba ruhusa akamwangalie."

"Kwa nini anaitwa Macho?"

Bosi Mdogo alitabasamu kwa mara ya kwanza, kidogo tu. "Alikuwa mkaguzi wetu. Mkanda haukutoka humu bila kupita mikononi mwake. Alikuwa anaona mshono ulioruka kabla hajavaa miwani."

"Alikuwa."

"Sasa tuna hii."

Kwenye kona, juu ya meza fupi, kulikuwa na kamera iliyoinamia chini, kompyuta, na taa mbili, nyeupe na nyekundu. Bosi Mdogo aliigusa kwa ncha za vidole kama mtu anayemtambulisha mchumba.

"Sisi tunaiita Mkwe," alisema fundi mmoja mnene, mwenye uzi wa njano shingoni. "Inatazama kila kitu, haisemi kitu, na mbele yake huwezi hata kujikuna."

Wenzake wakacheka chini chini. Bosi Mdogo hakucheka.

"Nilikwenda semina ya wafanyabiashara wadogo," alimwambia Inspekta. "Wakatuambia, karakana ndogo isiyotumia akili bandia itafutwa sokoni. Wakubwa wanatumia, na bei zao ziko chini. Nikaona nisife nimekaa. Nikanunua. Kwenye kadi tukaandika akili unde, maana bandia ni neno baya kwa mteja."

"Ilijuaje mshono mzuri na mbaya?"

"Ilifundishwa. Macho alikaa nayo mwezi mzima. Anaweka mkanda chini ya kamera, anabonyeza nzuri au mbaya. Anaweka mwingine. Mwishowe ikawa inajibu yenyewe. Nyeupe, mkanda uende. Nyekundu, urudi kwa fundi."

"Na Macho?"

"Nikamhamishia kufungasha. Sikumfukuza."

"Sijasema ulimfukuza. Mliwahi kuijaribu hii mashine?"

"Inafanya kazi kila siku, Mama."

"Sijauliza kama inafanya kazi."

Bosi Mdogo akanyoosha kola ya shati lake.

"Niletee mikanda yote ya uzi wa kijani iliyoko stoo," Inspekta alisema.

Mtunza stoo alikwenda. Alirudi mikono mitupu, anahema.

"Hakuna hata mmoja. Jana rafu ilikuwa imejaa."

Koplo alimtazama Bosi Mdogo kwa jicho la pingu. "Umeficha ushahidi."

"Ningetaka kuficha ningeificha kamera."

"Nani anaingia stoo?" Inspekta aliuliza.

"Mimi," alisema mtunza stoo. "Bosi. Na watu wa kufungasha."

"Leo asubuhi aliingia nani?"

Mtunza stoo alimtazama Bosi Mdogo kabla ya kujibu. "Macho. Alitoka na mfuko mkubwa. Nikadhani ni nguo za mgonjwa."

Koplo alikuwa ameshageukia mlango. Inspekta alimzuia kwa kidole.

"Ngoja. Kwanza nataka kujua ameiba nini." Akamwita yule fundi wa njano. "Wewe. Nishonee mshono hapa. Ushone vibaya."

"Vibaya kiasi gani, Mama?"

"Kama unamshonea aliyekuibia mume."

Karakana nzima ikaangua kicheko, kicheko cha watu waliokuwa wamebanwa tangu jana. Fundi wa njano alikaa kwenye cherehani. Alishona kwa chuki ya kweli. Mishono iliruka, ikapinda, ikaachana. Alimalizia kwa uzi wake wa njano, akauweka mkanda chini ya kamera.

Taa nyekundu.

Bosi Mdogo alishusha pumzi. "Mnaona? Imekataa."

"Nimeona. Sasa fumua huo uzi wa njano wa mwisho tu. Malizia na wa kijani."

Fundi akafanya hivyo. Ilikuwa kazi ya muda mfupi. Mkanda ule ule, mshono ule ule wa hovyo, ukarudi chini ya kamera.

Taa nyeupe.

Inspekta aliuchukua mkanda, akaukanyaga ncha moja, akavuta nyingine kwa mikono miwili. Ukafumuka kama zipu.

"Jaribu buluu."

Mkanda mwingine, mshono mbovu mwingine, mwisho wa buluu. Nyekundu.

"Kijani."

Nyeupe.

"Haiwezekani," Bosi Mdogo alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Imesomea mishono."

"Imesoma ilichooneshwa. Kila mkanda wa kijani uliowekwa hapo uliitwa mzuri. Mzima mzuri, mbovu mzuri. Ikatafuta kinachoifananisha mikanda yote hiyo, ikapata rangi. Mshono wa kijani haikuuangalia tena."

"Lakini Macho hakosei."

"Hakukosea," Inspekta alisema.

Alikaa kwenye kiti cha fundi, palepale. Kichwa kilikuwa kinamgonga kwa njaa.

"Mikanda ya kijani iliyouzwa tangu kamera ianze iko wapi?"

"Kwa wateja."

"Wateja gani?"

"Wapaka rangi. Mafundi umeme." Bosi Mdogo aliinua macho kwenye madirisha ya juu. "Wale wa minara ya simu."

"Na sasa hivi ni saa za kazi."

Bosi Mdogo alielewa. Inspekta alimwona akielewa, na alimwona pia akipiga hesabu nyingine, ya jina la baba yake lililoandikwa juu ya mlango.

"Nikipiga hizo simu, Mama, karakana hii imekufa. Hawa wote unaowaona."

"Najua."

"Tunaweza kuwaita taratibu. Kuwaambia tunabadilisha modeli."

"Mtu akiwa juu ya mnara unamwita taratibu vipi?"

Fundi wa njano alikuwa wa kwanza kusogea. Alichukua simu ya mezani, akaiweka mbele ya Bosi Mdogo, akakaa kando yake na simu yake mwenyewe mkononi. "Nipe namba nusu," alisema. "Na wenzangu wagawie. Mkwe wako hajui kupiga simu."

Bosi Mdogo akaanza kupiga.

"Koplo, hutoki hapa," Inspekta alisema. "Sitaki kusikia 'tumemwachia ujumbe'. Kila mmoja aseme kwa mdomo wake kwamba ameuvua."

*

Nyumba ya Shangazi ilikuwa ya vyumba viwili, mlango wazi, pazia limefungwa fundo ili hewa ipite. Inspekta alimwacha konstebo nje, akabisha hodi.

"Karibu, Mama," sauti ilijibu. "Ila tuseme polepole. Amelala."

Macho alikuwa amekaa sakafuni, miwani puani. Mikanda ilikuwa imemzunguka pande zote. Mbele yake, upande wa kulia, ile aliyoimaliza, imekunjwa vizuri. Kushoto, iliyobaki. Sindano nene ilikuwa imesimama katikati ya mshono. Hakushtuka, wala hakuficha kitu. Aliendelea kuvuta uzi mpaka mwisho.

"Acha," Inspekta alisema. "Hicho ni kielelezo."

Mkono ukasimama.

Inspekta alimsomea haki zake: halazimiki kusema lolote, atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Alikuwa ameyasema maneno hayo mara nyingi mno. Siku hiyo yalimtoka taratibu.

"Nitasema," Macho alisema. "Nilikuwa nangoja tu mtu aniulize."

"Ulianza lini kuitengeneza mikanda yake?"

"Mikono ilipoanza kutetemeka. Mwanzo kidogo tu, asubuhi. Anamwaga chai. Halafu nikaanza kuiona kwenye mshono."

"Ulikuwa mkaguzi. Kwa nini hukuirudisha?"

"Irudi kwa nani? Ikirudi, Bosi anaiona. Bosi mkubwa, wakati ule yupo. Angemwambia apumzike." Macho alivua miwani. "Yule bibi hana mtoto, ana mimi. Hana jambo lingine analojua kulifanya akasifiwa. Akikaa nyumbani siku ya mapumziko, anashona mapazia ambayo hayajachanika."

"Ukapitisha."

"Nikapitisha, nikaiweka kando. Jioni nabeba, narudishia mshono, kesho inatoka. Hakuna mkanda wake hata mmoja uliotoka mbovu, Mama. Kwa miaka yote. Kwangu mimi ile mikanda ilikuwa mizuri. Nilijua itakuwa mizuri kabla haijafika kwa mtu."

"Ikaja kamera."

"Ikaja kamera. Bosi Mdogo kasimama nyuma yangu, na yule fundi wa kompyuta, na Shangazi mwenyewe kwenye cherehani yake ananitazama. Wananiambia, bonyeza. Nzuri au mbaya." Alifanya kidole chake kama kinabonyeza sakafu. "Ningebonyeza mbaya mbele yake?"

"Kwa hiyo kijani chote ukaita kizuri."

"Nilidhani nitaendelea kuwepo. Nilidhani mashine itanisaidia, siyo kunitoa. Halafu wiki hiyo hiyo nikaambiwa nenda kafungashe."

Inspekta aliandika. Kalamu ilikuwa inakwama. "Kule kufungasha mikanda ilikuwa inapita kwako."

"Inapita. Mingine niliiwahi. Naichomoa, naificha, nairudisha kesho yake. Mingine ilinipita, maana mteja anakuja na gari, anataka mzigo wake."

"Na wa Buibui?"

Ndani, nyuma ya ukuta, kitanda kililia.

"Ulipita, au uliuona?"

"Niliuona."

Simu ya Inspekta ikatetemeka. Alikuwa Koplo. Sauti yake ilikuwa imepoteza wepesi wake.

"Wote wamevua, afande, isipokuwa mmoja. Yuko juu ya mnara, simu yake imezimwa. Mwenzake amekimbia kwenda kumpigia kelele kutoka chini."

"Nisubirie."

"Nikate?"

"Usikate."

Aliiweka simu sakafuni kati yao, sauti juu. Kulikuwa na mafundi wakiongea kwa mbali, na kiti kikiburuzwa. Macho aliitazama ile simu kama mtu anayetazama sufuria iliyo motoni.

"Endelea," Inspekta alisema.

"Alikuja mwenyewe kuuchukua," Macho alisema. "Amevaa shati safi. Ananitania, ananiambia dada, nipe ule wenye kadi, nataka nimringie mtu. Nikaufungua kuufungasha, nikaona kijani. Nikapitisha kidole kwenye mshono. Nikajua."

"Ungesema ngoja."

"Ningesema ngoja, angeuliza ngoja nini. Bosi Mdogo alikuwa hapo. Shangazi alikuwa hapo, amekuja kunywa maji. Alimtania, akamwambia mwanangu, huo nimeushona mimi, hautakuangusha." Macho aliikunja miwani. "Nikamtazama yule kijana. Mwembamba. Nikajiambia, huyu hana uzito, utamshika. Akirudi siku nyingine nitambadilishia. Nikampa, Mama. Kwa mkono wangu. Sikutaka bibi aaibike mbele ya watu, nikamwacha mtu aende nao."

Inspekta hakuinua kichwa. Aliandika neno kwa neno: huyu hana uzito, utamshika. Katika miaka yake ya kazi alikuwa ameandika sababu za kila namna, za wivu, za tamaa, za ulevi. Hiyo ilikuwa ndogo kuliko zote, na alijua itamchosha muda mrefu.

"Na hii uliyoichukua leo?"

"Nilitaka angalau hii iwe salama. Nilijua mtakuja. Nilitaka mnikute nimemaliza."

Simu ilitoa sauti. Mtu alipiga kelele kwa mbali, kisha wengine. Macho aliushika ukingo wa mkanda.

"Ameshuka," Koplo alisema. "Afande, ameshuka. Ametutukana, lakini yuko chini."

Macho akajifunika uso kwa mikono miwili. Hakulia. Alikaa hivyo tu, kama mtu anayejikinga na jua.

"Kitu kimoja," alisema kutoka nyuma ya viganja. "Nipeleke popote. Ila yeye asiambiwe. Anajua mikanda ilikuwa yake, basi, mwambieni ni mashine. Mwambieni ni nailoni mbovu. Hajui habari ya mikono."

"Najua."

Sauti haikuwa ya Inspekta. Pazia la chumba cha ndani lilikuwa limevutwa. Shangazi alikuwa amesimama hapo na sweta mkononi, nywele nyeupe zimelala upande mmoja. Haikujulikana alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Shangazi, rudi ukalale."

"Nimelala vya kutosha." Alimtazama Inspekta. "Mimi nilianza kushona wewe uko kifuani. Nisiujue mshono wangu? Mkanda unatoka kwangu umelegea, naukuta stoo umebana. Nilijua ni huyu. Nilikuwa namwona anatoka na mfuko."

Macho alikuwa ameganda.

"Hukusema," alisema.

"Na wewe hukusema. Nikaona unapenda nisijue, nikakaa sijui." Bibi aliegemea mlango. "Kila siku nilikuwa najiambia, kesho nitaacha kazi. Kweli. Nilikuwa nangoja nafasi ya kusema bila kukuumbua. Halafu ikaja ile mashine, wewe wakakuhamisha. Nikasema, haya, leo ndiyo leo, mambo yangu yako nje. Nikauweka mkanda wangu wa kwanza. Taa nyeupe. Nikaweka wa pili. Nyeupe."

Alinyoosha mikono yake mbele, akaitazama. Ilikuwa inatetemeka, pole pole, bila kupumzika.

"Wewe ungeweza kunidanganya, ningeelewa, wewe ni mwanangu. Lakini ile mashine hainijui. Haina sababu ya kunihurumia. Nikasema, ikiniambia sawa, basi ni sawa." Akashusha mikono. "Nikadhani nimepona."

Nje konstebo alipiga chafya. Inspekta alifunga daftari. Alitakiwa kusema kitu cha kisheria, kwamba bibi naye atahitajika kutoa maelezo, kwamba mikanda yote itachukuliwa, kwamba kosa la kusababisha kifo kwa uzembe lina adhabu yake. Alisema yote hayo, kwa kifupi. Kisha akaanza kuipakia mikanda kwenye mfuko wa vielelezo, iliyotengenezwa kando, isiyotengenezwa kando.

Macho alisimama, akavaa viatu.

"Kule kuna baridi," Shangazi alisema. "Vaa hili."

Alimvisha sweta lake mwenyewe, akaanza kufunga vifungo. Kifungo cha kwanza kilimponyoka. Akakirudia. Kikamponyoka tena. Vidole vilikuwa vinapita pembeni ya tundu, vinarudi, vinapita.

Konstebo alichungulia mlangoni. Inspekta alimwashiria angoje, akakaa tena chini.

Macho alisimama, mikono yake imelala pembeni, akiutazama ukuta juu ya kichwa cha bibi. Safari hii hakumsaidia.